Emilienne Alivyomfuata Mbogo Aliye Hai

Mimi si mtu wa kuamini maneno ovyo, ndiyo maana wanawake wa soko la Kasongo walinichagua kuwa shahidi. Naitwa Louise, nauza chumvi na mafuta ya mawese. Meza yangu inagusana na ya Emilienne, muuza nyama kavu, na kwa miaka kumi na tisa nimesikiliza uongo wake bila kulipwa kitu.

Emilienne alijua kupiga chuku. Kila kipande cha mbogo alichouza kilikuwa na hadithi: huyu macho yake yaliwaka moto, huyu aligonga mti ukaanguka, yule alimkimbiza mtu mpaka Wamaza. Wateja walisimama, wakasikiliza, wakanunua. Mpaka siku moja mwalimu Gédéon, mtu mpole anayenunua kidogo na kuuliza sana, alipomkatiza.

"Mama Emilienne, weye mwenyewe ulishaonaka mbogo muzima?"

Emilienne akaanza kupanga upya vipande vyake vya nyama. Hakuwahi. Maisha yake yote alimjua mbogo akiwa vipande vyeusi kwa moshi, vimefungwa kwenye majani. Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi, nakiri, nilicheka kuliko wote.

"Nitaenda kumuona!" akafoka. "Nikimukosa, hamutasikia tena hadisi yangu hapa. Nitauzaka kimya!"

Kwa mtu mwingine hiyo si adhabu. Kwa Emilienne ilikuwa sawa na kufunga meza.

Tuliondoka mwanzo wa kiangazi, yeye na mimi shahidi wake, nyuma ya dereva mmoja wa pikipiki, mimi nimebanwa katikati na magoti yanauma. Kwetu kila mtu anasafiri: kwenda kwenye msiba, kwenye dhahabu ya Salamabila, hospitalini. Kupanda pikipiki siku mbili ili kumtazama mnyama na kurudi mikono mitupu, hilo sikuwahi kulisikia. Emilienne alikuwa amevaa kikwembe chake cha Pasaka. Kila tuliposimama alimweleza mwenye kibanda cha chai kwamba anakwenda kumwona mbogo, na kila mwenye kibanda alinitazama mimi kuona kama mwenzangu ana akili timamu.

Tulilala Wamaza, tukafika Kabambare kope zetu nyekundu kwa vumbi, kisha tukatembea kwa miguu hadi kijijini kwa mzee Lukumani, upande wa mto Luama. Huyu alikuwa mwindaji. Nyama yake ilifika mezani kwa Emilienne miaka mingi, ingawa wenyewe hawakuwahi kuonana. Goti lilipomshinda aliweka bunduki chini, na sasa anawaongoza watu wanaokuja kuhesabu wanyama.

"Unataka kumuona bila kumula?" akamwuliza Emilienne, akacheka. Lakini alikubali.

Asubuhi ya kwanza alitangulia na kitambaa chenye majivu, akikikung'uta ili aone upepo unakwenda wapi. Tukakuta kinyesi kibichi. Tukasikia majani yakivunjika, kishindo, kisha kimya. Hatukuona hata mkia. Asubuhi ya pili ikawa vilevile, na Emilienne akaanza kunyamaza. Hapo nikaogopa kweli. Dereva alikuwa anatungoja Kabambare, na tulibakiwa na siku moja tu.

Siku hiyo ya tatu, kabla hatujaondoka, Lukumani alimsogelea akanusa hewa.

"Mama, unisamehe. Weye unanuka kichanja ya nyama. Upepo inazungukaka mu majani, na mbogo anajua ile moshi. Inakujaka pamoja na bunduki."

Emilienne hakubishana. Alishuka mtoni, akajisugua na majani aliyopewa, akavaa kitambaa cha mke wa Lukumani kilicholala nje juu ya nyasi. Mzee akanusa tena.

"Nywele," akasema.

Nywele za Emilienne zilikuwa nyingi, zimefungwa kwa uzi mweusi, na alizipenda. Lakini baada ya miaka thelathini ya kuinama juu ya moshi, akiikausha tena nyama isioze, maji yasingetosha. Na kwetu mwanamke hunyolewa kichwa akiwa amezika mume au mtoto. Mume wake Jean-Paul alikuwa hai Kasongo, anatengeneza baiskeli.

Akakaa juu ya jiwe. "Louise, uko na wembe?"

"Yaya, dada yangu, turudie nyumbani," nikamwambia. "Nitasema tulimuona." Ndiyo, mimi shahidi, mimi nisiyeamini mtu, nilijitolea kusema uongo.

Alinigeukia kwa hasira. "Nilifika mpaka hapa juu ya kusema uongo ingine? Nyoa!"

Nikanyoa. Machozi yangu yakadondoka juu ya wembe. Yeye hakulia. Alipomaliza kujipaka tope kichwani tukaingia porini nyuma ya mzee, na safari hii hakikusikika kishindo cha mbogo kukimbia. Lukumani alinyoosha mkono nyuma kutuzuia. Nikatazama juu ya bega lake.

Walikuwa kumi na mmoja, ukingoni mwa nyasi. Jike mmoja alikuwa karibu nasi, sikio lake moja limepasuka, ndege amekaa mgongoni. Aliinua kichwa, akatutazama. Kisha akainamisha kichwa, akaendelea kula, na Emilienne akanishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe, wala sioni aibu kusema.

Sasa sikiliza tulivyopokelewa Kasongo. Wanawake waliona kichwa kile kitupu kutoka mbali. Mmoja akatupa beseni lake, wa pili akajiangusha chini: "Jean-Paul! Yoo, Jean-Paul wetu!" Soko zima likapiga kilio. Jean-Paul naye akatoka mbio kwenye baiskeli zake, mikono imejaa grisi, akiuliza nani amekufa.

Emilienne akashuka kwenye pikipiki.

"Munyamaze! Hakuna mutu alikufa. Mbogo ndiyo iko muzima, nilimuona!"

Wote wakanigeukia. Nikainua mkono mbele ya Mungu, nikaapa kwamba tulimwona, na vilio vikageuka vigelegele. Jean-Paul alikishika kile kichwa kwa mikono yake ya grisi, akacheka, akakibusu mbele za watu.

Mwalimu Gédéon alisogea taratibu. "Alikuwa namna gani, Mama?"

"Alikuwa anakula," akasema Emilienne. "Sikio moja ilipasuka. Alituangalia, akaendelea kula."

Hakuongeza neno. Nilingoja aongeze, namjua. Hakuongeza, na hakuna mteja aliyeondoka.