Gari Linalolala Ndani
Majira ya baridi hapa Apple Valley, kila asubuhi mimi hukwangua barafu kwenye kioo cha gari langu ndipo niende kazini hospitalini. Langu hulala nje. Kwenye gereji yenye hita hulala gari la mume wangu, kuukuu lenye injini kubwa, analolitengeneza mwenyewe tangu tuoane. Theluji ikianza halitoki, eti chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu italila. Nilivumilia.

Jumamosi moja nikamkuta akisugua boneti kwa leso yangu, ile ambayo mama alinifunga tumboni nilipojifungua.

“Hakuna kitambaa laini kama hiki, mama watoto,” akasema.

Nilileta mto wake, nikauweka kwenye kiti cha nyuma, nikamwambia hita ipo, hatasikia baridi.