Mkungu wa Ndizi Niliompelekea Salome

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na mpaka leo uso unanishuka. Sikuwa kijana siku hiyo. Nilikuwa bibi tayari, kichwa cheupe. Lakini mvi si akili.

Mjukuu wangu Mwajuma miguu yake haijawahi kukanyaga chini. Mama yake alipofariki nikamlea mimi, hapa Mlali. Nilimfanyia kila kitu. Hata mtu akimsalimu, mimi ndiye ninayeitikia. Nikadhani huko ndiko kupenda.

Akaja Mwalimu Madaraka, mtani wa ukoo wetu, mtu wa mkono mmoja. Yeye na wenzake wana klabu mjini, katika ukumbi wa kuazima. Wanacheza mpira wa meza: wapo wa viti vya magurudumu, wapo wa magongo, na yupo mmoja vidole havishiki, raketi anafungiwa kiganjani kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Meza ya kwanza aliichonga fundi seremala wa mtaa uleule. Akamchukua Mwajuma, nami nikafuata nyuma.

Pale wana sheria yao: mpira ukikukimbia, unaufuata mwenyewe. Kila kiti kina fimbo yenye kopo la kuzolea mipira. Mimi sikujali. Mpira ukianguka tu, mbio na kanga zangu, naingia chini ya meza. Madaraka akanitania, "Huyu bibi tumsajili, anakimbia kuliko wachezaji!" Watu wakacheka. Mtani hachukiwi, ila sikuacha.

Ikatangazwa safari ya mashindano Dodoma. Kwa wasichana wa viti nafasi ilikuwa moja tu, kwa hiyo Mwajuma acheze na Salome, binti wa Kingolwira, atakayeshinda aende. Mwajuma hakuwahi kumfunga Salome hata mara moja. Nikaingiwa na hofu: mtoto huyu akishindwa atarudi kitandani asitoke tena. Asubuhi ya mchezo nikampelekea Salome mkungu wa ndizi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, mwenzio hana mama. Mlegezee kidogo."

Akainamisha kichwa. Mtoto wa watu angemkatalia vipi mtu mzima?

Mwajuma akashinda. Nikapiga vigelegele peke yangu. Mwajuma akaweka raketi chini. "Salome, mpira ule wa mwisho hata kuku angeurudisha. Nani kakwambia unilegezee?"

Salome akanitazama mimi. Basi, yakaisha.

"Bibi," Mwajuma akasema, "Dodoma siendi. Na hapa sirudi tena, nitamtazama nani usoni?"

Madaraka akaja akasimama mbele yangu. "Mtani, mwizi wa kuku tunampigia yowe. Wewe umemwibia mjukuu wako kushinda, ukamwibia na kushindwa. Tukupigie nini?"

Hakuna aliyecheka. Nasema tena mtani hachukiwi, lakini siku ile hata ningeruhusiwa kuchukia ningeanzia wapi? Alisema kweli.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu, mzaa mama. Nilipokuwa msichana tulikuwa tukishuka naye mlimani na mizigo kichwani kwenda gulioni, njia utelezi mtupu. Nikianguka alisimama akaningoja, mkono hanipi. "Inuka, soko halikungoji." Nilimwona katili. Kumbe ndivyo nilivyopata miguu, nami mjukuu wangu nikamnyima hata mikono aliyo nayo.

Basi nikaomba radhi mbele ya wote, kwa Salome kwanza, kisha kwa Mwajuma. Mtu mzima mimi! Nikamwomba Madaraka mchezo urudiwe. Mwajuma akaokota raketi.

Wakacheza mpaka jasho linadondoka mezani. Salome akamfunga. Dodoma akaenda Salome.

Nikangoja kilio. Mwanangu, mtoto yule alizungumza njia nzima hadi Mlali: mpira huu ningeupiga hivi, ule ningeuacha utoke. Akaniambia, "Leo nimefungwa na Salome, bibi. Sikufungwa na wewe."

Sasa Jumamosi Mwajuma ndiye anayewafundisha wanaoanza, na ni mkali huyo! Namshukuru Mungu. Nawashukuru watu wa klabu ile ambao hawana kitu, lakini wamempa mjukuu wangu kile ambacho mimi na mapenzi yangu yote nilishindwa kumpa.

Wewe unayelea, au unayeishi na mwenye ulemavu, shika neno langu. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi usimzuie mwenzio kushindana kwa kuogopa atashindwa. Msaidie anapokuomba. Asipokuomba, kaa chini utazame. Na ukikosea, omba radhi mchana, mbele ya watu uliowakosea.

Mungu akukutanishe na mtu wa kukwambia kweli, na akupe kifua cha kuipokea. Amina.