Nilimlisha Baba Mkwe Pichesi, Wakanifungia Stoo

Nje ya mlango kuna wanaume saba, mmoja ameshika panga.

Mimi niko ndani, stoo ya mahindi. Kosa langu ni tunda.

Naitwa Mwanne. Kwetu ni Lushoto, ila nimeolewa Mbalibali, wilaya ya Serengeti. Mume wangu Waitara anafanya kazi mgodini Kewanja, anarudi mwisho wa mwezi. Nyumbani naishi na wakwe.

Yote haya yalitokea Januari mwaka jana. Mama alinitumia boksi la mapichesi. Likalala Arusha, likavuka mbuga, likafika Mugumu siku ya tatu.

Nilipolifungua pale stendi, aisee, harufu ile ilinikalisha chini.

Nusu yalikuwa yameoza. Lakini yaliyobaki! Upande mwekundu, upande wa njano, na vile vinyoya laini kama sikio la mwanambuzi.

Nikala moja palepale, maji yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikalia. Miaka miwili sijaonja pichesi.

Nyumbani nikayaosha, nikayapanga kwenye sinia. Mama mkwe akala mawili. Shemeji yangu Vicent akapiga matatu, akauliza kama kokwa lake linaota huku.

Mzee Wangwe, baba mkwe, akageuza uso.

"Asante mwanangu. Nimeshiba."

Nikamnyooshea moja, kubwa kuliko yote. "Hili tu, baba."

"Wape watoto."

Hapa ndipo nilipoharibu. Nikacheka, nikasema mbele ya wote: "Baba, ukikataa nitajua bado hujanikubali hapa kwako."

Kila mtu alijua mzee aliipinga ndoa yetu mwanzoni. Msambaa, tena Mwislamu.

Akanitazama kidogo. Akalichukua. Akalila lote, taratibu.

Dakika kumi hazikuisha.

Midomo ikaanza kuvimba. Macho yakafumba. Akajishika shingo, pumzi inatoka kama mluzi, akaanguka kutoka kwenye kiti.

"Tata! Tata!" Vicent akamrukia baba yake. Kisha akanigeukia. "Umempa nini?"

"Si mmekula wote, shemeji?"

"La kwake umemchagulia wewe!"

Jirani yetu Joel alikuja na pikipiki mbio. Mzee akawekwa katikati, mama mkwe akamshikilia kwa nyuma, wakaondoka kuelekea zahanati.

Vicent akanishika mkono, akaninyang'anya simu, akanisukuma stoo. Kufuli, kwaa!

Nje watu wanaongezeka. Nasikia kila kitu.

"Huyu kaja na dawa za kwao."

"Sasa tunangoja nini?"

"Mura, tulia kijana. Joel atapiga simu."

"Tata akifa, huyu hatoki humo." Hiyo ilikuwa sauti ya Vicent.

Nikakaa juu ya gunia.

Mara mlango ukafunguliwa. Vicent, panga mkono mmoja, sinia mkono mwingine.

"Kula. Yote."

Yalikuwa tisa.

Nikala. Tunda nililolililia asubuhi, sasa nalimeza kama udongo. Kila nikitafuna wananikodolea macho, wanasubiri nianguke. La saba lilikuwa limeoza ubavu. Nikala nalo.

Sikuanguka. Lakini hakuna aliyesema nitoke.

Saa tisa alasiri simu ya Vicent ikaita. Akasikiliza. Panga likashuka polepole, akaketi kizingitini akaanza kulia.

"Wamemchoma sindano. Anahema."

Kesho yake mzee akarudi, uso bado umevimba. Akaita watu wote.

"Shikamoo baba," nikasema, nimepiga magoti.

"Marahaba. Nani alimfungia huyu?"

Vicent anatazama chini.

"Mimi nilijua," mzee akasema. "Nilipokuwa jeshini tulikaa milimani kwao kule. Nilikula tunda hili, nikavimba hivihivi. Daktari akaniambia nisiliguse tena maisha yangu yote. Jana nilitaka kuwaambia, koo likawa limefunga."

Vicent akainua kichwa. "Sasa tata, kwa nini ulikula?"

Mzee akanitazama mimi.

"Alisema nikikataa, sijamkubali."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Ninapowasimulia watu kisa hiki, wote wanamlaani Vicent. Aliniomba radhi, nikampa, ingawa mpaka leo akikohoa nyuma yangu nashtuka.

Lakini nikikaa peke yangu naujua ukweli. Vicent alishika panga na hakumkata mtu. Mimi nilishika tunda, nikacheka, nikakaribia kumuua mzee aliyekuwa ameshanipenda.

Mtu akikataa chakula chako, mwache. Usimlazimishe akuonyeshe upendo kwa kukila.