Nyumba ya Benki

Fundi makochi alikuwa na nyumba ya kupangisha, vyumba viwili na baraza, aliyoinunua kwa mkopo. Mpangaji alilipa bila kusumbua, kodi ikaenda benki, yeye akaendelea kupigilia misumari yake. Mwaka huo alipata kazi ya kushona upya viti vya ukumbi mzima, na kwa mara ya kwanza akawa na uwezo wa kulimaliza deni kabla ya wakati.

"Lipa, mama," afisa mikopo alimwambia. "Riba yote hiyo ya nini?"

Riba ilimuuma, tena sana. Lakini deni lile lilikuwa na kazi yake. Mdogo wake, mwanamume wa maneno matamu na biashara zisizomaliza mwaka, alishaiweka rehani nyumba ya marehemu baba yao, ikaenda na maji. Sasa kila alipokuja kuomba hati ya nyumba ya dada yake akakopee, jibu lilikuwa tayari: "Nyumba ni ya benki, mdogo wangu." Basi anaguna, anakunywa chai, anaondoka. Mwanamke huyu anang'oa misumari kwa meno, ila neno hapana humkwama kooni.

Wiki nzima aliwaza. Akilipa, atapata hati na kupoteza kisingizio. Asipolipa, atakuwa anakinunua kisingizio hicho kila mwezi kwa riba. Ghali jamani! Akalipa.

Hati akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akalifumua kochi la sebuleni, akaichomeka ndani ya sponji na kushona upya. Akajisifu kimoyomoyo: hati anayo, na kisingizio kipo palepale.

Jumapili mdogo wake akaja, akajitupa juu ya kochi lilelile.

"Dada, safari hii biashara ni ya uhakika. Ile hati..."

"Nyumba ni ya..." Akasita. Alimtazama alivyokunja nne, amelikalia jasho lote la dada yake wala hana habari, na hasira zikampanda. Anamficha nani, nyumbani kwake mwenyewe?

"Ni yangu," alisema. "Deni nimemaliza. Hati umeikalia, na sikupi."

Mdogo mtu aliruka, akalikodolea kochi macho.

"Yaani dada, unaninyima mimi?"

"Ndiyo, wewe. Kaa, chai inapoa."