Pijo ya Kuukeni

Muulize mtu yeyote wa Bongwe habari za Athmani dereva, atacheka kwanza, kisha atakuelekeza. Nyumba yake ni ile yenye gari, Pijo ya buluu iliyopandishwa juu ya magogo, na miguu miwili inayotokeza chini yake. Miguu yenyewe si ya Athmani. Ni ya bintiye, Nadhira, na hapo ndipo mambo yanapomchanganya huyu bwana mpaka chakula kinamshinda.

Maana Athmani si mtu wa kupotea hovyo, jamani. Ujana wake wote aliumaliza kwenye usukani, akiwachukua wageni kutoka hoteli za Diani kwenda Shimba Hills na Tsavo kuangalia ndovu, na hakuna njia iliyomshinda. Nyumbani ndiko alikokuwa hajui njia. Ndoa yake na mamake Nadhira ilivunjika mtoto akiwa bado ananyonya, mama akarudi kwao Msambweni na mwanawe, na Athmani akabaki kuwa baba wa kutuma tu: leo sare ya shule, kesho simu ya salamu. Sikukuu ya Idi akipata nafasi hupitia, akanywa chai, akaondoka. Si kwamba hakumpenda mtoto. Alimpenda sana, lakini hakujua wakikaa wawili wataongea nini, na kila mwaka uliopita ulizidi kumfunga mdomo.

Sasa alipostaafu, alirudi Bongwe akaikuta Pijo ya marehemu mjomba wake, Mzee Mbwana, imelala uani, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Akasema, hii nitaifufua. Habari zikafika Msambweni. Nadhira, mtu mzima sasa, amemaliza chuo na kazi hakuna, akashuka asubuhi moja kwa bodaboda, mkoba begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema? Mama hajambo?"

"Hajambo. Nimesikia unatengeneza gari. Nimekuja kukushikia spana."

Mtoto huyu hakuwahi hata siku moja kuja kwake bila kuitwa. Athmani akampa spana. Angempa nini tena?

Basi ukawa ndio mtindo. Nadhira akahamia kabisa kwa shangazi yake Mwanatumu, dadake Athmani, mlango wa pili hapo hapo uani. Baba na binti wakashusha injini, wakasugua kutu kwa msasa, wakazunguka gereji za Ukunda kutafuta vipuri. Mtoto alikuwa na mkono mzuri, lakini ubishi! Ukimwambia kaza kulia atakuuliza kwa nini isiwe kushoto. Na yale maneno yaliyokuwa yamemkwama Athmani miaka yote, yakawa yanatoka yenyewe vichwa vikiwa ndani ya boneti: jinsi alivyolala porini na wageni gari lilipozama matopeni, jinsi alivyogombana na mamake Nadhira kwa mambo ya kipuuzi ambayo leo angeyacheka. Nadhira naye akasimulia yake. Athmani akajikuta anacheka peke yake bafuni.

Ila ngoja nikueleze, maana hapa ndipo penye kesi. Pijo ile Athmani hakuinunua. Aliipata kwa mjomba wake, ndugu ya mamake, kwa ile desturi ya Wadigo wa zamani ambayo wengi wameshaiacha wakafuata sheria ya dini. Mali ya kuukeni, yaani ya upande wa mama, hutoka kwa mjomba ikaenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada, na mwana wa kuzaa hapati kitu. Mzee Mbwana aliishikilia hiyo ya zamani. Kabla hajafa aliwaita Athmani na Mwanatumu, akawaambia gari hili lisitoke kuukeni. Athmani akaapa. Kwa hiyo baada ya Athmani mwenye gari ni mpwa wake Swafwan, mwana wa Mwanatumu, na walishakubaliana kwamba likipona tu atalichukua abebee nazi na mihogo yake mpaka soko la Ukunda.

Nadhira hajui. Ndivyo alivyoamini Athmani. Binti anachubuka vidole, anaungua na jua, na katika gari lile hana haki hata ya nati moja. Siku akijua, ataona baba kamfanya kibarua. Atabeba mkoba wake arudi Msambweni, na safari hii hata simu hatapokea. Hilo ndilo lililokuwa likimla moyo. Amwambie? Ataondoka. Asimwambie? Ataondoka vilevile, tena kwa hasira. Avunje kiapo cha marehemu? Astaghfirullah! Jirani mmoja akamshauri awaozeshe hao mabinamu, Nadhira na Swafwan, gari libaki pale pale. Athmani akaliwaza jambo hilo kutwa nzima ndipo akakumbuka kwamba Swafwan ana mke na watoto. Kuchanganyikiwa gani huku, wallahi?

Mwisho akaona dawa ni kuchelewesha. Rangi ya mlango wa gari iliyokauka vizuri kabisa akaitia ila, akaisugua yote. "Haikushika," akasema. Cha ajabu, Nadhira hakubisha, yeye ambaye hubisha mpaka adhana! Tena naye akawa na yake. Kabureta aliyoisafisha leo ikang'aa, kesho anaifungua upya. "Naona kama imeingia vumbi, baba." Vumbi gani, na kabureta ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa? Athmani akamtazama, asielewe. Akaona bila shaka mtoto amelipenda gari kupita kiasi, na moyo ukazidi kumuuma.

Swafwan akipita husimama hapo. "Shikamoo, mjomba. Bado tu? Hata ndege ingekuwa imesharuka!"

"Gari la zamani hili. Linataka subira."

Nadhira hucheka chini chini, na Athmani haelewi anacheka nini.

Lakini ucheleweshaji nao una mwisho. Injini iliwaka, Mwanatumu akapiga vigelegele vikasikika mpaka barabarani, na Swafwan akaambiwa aje kesho yake. Zikabaki breki. Na kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani, akakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine hulala chini penye gurudumu, akafungua nati mafuta yatoke na mapovu yake, akaifunga, ndipo wa juu aachie mguu. Wa juu akiachia na nati iko wazi, upepo unarudi ndani na kazi imeharibika. Hawaonani, wanaitana tu.

"Kanyaga!" Nadhira akaita kutoka chini.

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Haya, achia."

Wakaenda hivyo gurudumu moja baada ya jingine, mpaka likabaki la mwisho. Athmani alikuwa anatazama kioo cha mbele. Uso wa bintiye alikuwa hauoni, na labda ndiyo maana ulimi ukalegea.

"Nadhira."

"Naam, baba. Shikilia hapo, nafungua."

"Gari hili si lako, mwanangu. Wala si langu nikasema nitakupa. Ni la Swafwan. Ni mali ya kuukeni, na mimi niliapa. Ilinipasa nikuambie siku ile ya kwanza. Niliogopa. Nisamehe."

Mafuta yalikuwa yanadondoka ndani ya kopo.

"Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Kwamba ni la Swafwan. Shangazi aliniambia siku ile ile niliyokuja. Alisema nisije nikajichosha bure."

Athmani akashika usukani kwa mikono miwili. "Sasa kama unajua... ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Baba nawe!" Sauti kutoka chini ya gari ikapanda, ikawa ya mtu anayejikaza asilie. "Mimi nimekua na baba wa kwenye simu. Hujambo, soma kwa bidii, msalimie mama, imekatika. Ningekuja nikakuambia nataka tukae tu, mimi na wewe, ungefanya nini? Si ungenitilia chai?"

Kweli kabisa. Angemtilia chai, wangeinywa kimya, akamsindikiza stejini akapande gari. Machozi yakamtoka Athmani kama mtoto, na mguu ukainuka bila yeye kujua.

"Baba! Umeachia!"

"Ala!"

"Nati iko wazi! Upepo umerudi wote!"

Nadhira akajivuta kutoka chini ya gari, mafuta yamemtapakaa mpaka shavuni, macho mekundu. Wakatazamana kupitia mlango ulio wazi. Athmani akangoja kukemewa.

"Itabidi tuanze upya," Nadhira akasema.

"Leo? Na Swafwan anakuja kesho."

"Si atangoja. Kwani wewe una haraka?"

Athmani akajifuta macho kwa mkono wenye grisi, akajipaka weusi uso mzima. "Sina, mwanangu," akasema. "Haraka sina kabisa."

Nadhira akarudi chini. Athmani akaweka mguu juu ya pedali, akasubiri kuitwa.