Mvua ya Kuosha Bati

Mwenye kiwanda alinisimamisha kando ya shimo tulilokuwa tumechimba nyuma ya ghala, akaniuliza kama tunaweza kuyachoma maganda ya korosho palepale, peupe, kwa msimu mmoja tu, wakati tukisubiri tanuri lijengwe. Alikuwa ametoka Dar es Salaam na Newala hakuijua vizuri.

"Wewe ndiye mwenyeji," alisema. "Ukisema hapana, nitasubiri. Tutaanza kazi mwakani."

Niliutazama moshi wa jikoni kwa jirani. Ulikuwa unakwenda upande wa ukingo, kule ardhi inakoteremka ghafla kuelekea bondeni, na upande ule hapakuwa na nyumba hata moja. Nikamwambia tuchome.

"Na mvua zikianza?"

"Mvua ya kwanza huku kwetu haikingwi," nilimjibu. "Ile ni ya kuosha bati. Kitakachokuwa kimetua juu ya mapaa kitaondoka nayo."

Aliridhika. Mimi pia niliridhika, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Hakunitisha wala hakunishawishi. Aliniuliza swali la haki, akanipa nafasi ya kukataa, nami nikamjibu kama mtu anayejua.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipokuwa inajitoa kwenye viwanda na biashara ya korosho ikawa ya yeyote mwenye mtaji. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi Masasi, kwenye kiwanda kikubwa cha umma, sehemu ya kukusanya mafuta ya maganda. Mafuta hayo ni meusi, mazito, na yakikugusa yanababua ngozi. Nina alama yake kwenye mkono wa kushoto. Kiwanda kilipofungwa nilirudi Newala na cheti changu cha sekondari, nikawa nanunua mihogo mikavu vijijini na kuipeleka Nanganga kwa baiskeli kuwauzia wenye malori. Nilikuwa nimechoka kuitwa msomi na watu wanaonisaidia kusukuma baiskeli mlimani. Kwa hiyo mtu alipokuja kufungua kiwanda kidogo na kunipa usimamizi, neno "mwakani" lilinitisha kuliko moshi.

Lazima nieleze habari ya maji, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Juu kwetu hakuna mto wala kijito. Udongo unameza kila kitu. Wanawake walikuwa wakiteremka hadi kwenye chemchemi za bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani, na mke wangu alifanya hivyo tangu utoto wake. Tulipooana nilijenga kwenye ardhi ya mama yake, kama ilivyokuwa desturi ya wengi wetu, na kitu cha kwanza alichoniomba hakikuwa kitanda wala kabati. Aliomba bati na kisima cha kukingia mvua. Nikiwa bado Masasi nilileta saruji kidogo kidogo, na kisima kilipokamilika alikaa juu ya mfuniko wake jioni nzima akila karanga, hataki kuingia ndani.

Kila mwaka mvua ya kwanza ilipopiga, tulitoka wote wawili. Mimi niliushika mfereji na kuugeuzia nje, maji yamwagike uani. Yeye alisimama chini ya paa, anachovya kidole na kuonja. Vumbi lilikuwa na ladha yake, majani ya miti yalikuwa na ladha yake, kinyesi cha ndege nacho alidai anakijua. Aliposema "sasa," niliugeuzia mfereji kisimani. Nilikuwa naingoja ile "sasa" kama mtoto anavyongoja sikukuu.

Jioni ya siku ile ya shimoni mke wangu aliniuliza, "Na maganda mtayapeleka wapi?"

"Kiwanda kina mipango yake," nilimwambia.

Sikumwambia kwamba mpango wenyewe nimeukubali mimi.

Msimu ulianza vizuri. Wanawake walikaa kwenye mabenchi, wamejipaka majivu na mafuta ya nyonyo mikononi ili yale ya maganda yasiwababue, wakabangua na kupiga soga kutwa nzima. Kila jioni maganda yalimwagwa shimoni juu ya yale yaliyokuwa yakiungua. Hayakuwaka kwa moto wa kuonekana. Yalifukuta, yakitoa moshi mweusi wa kunata ambao ukipitisha kidole ukutani unabaki nao.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka upande wa Masasi aliyekuwa amenifanya mtani wake.

"Msimamizi," aliniambia asubuhi moja mbele ya wenzake, "jana mume wangu kaninusa, kaniuliza nimetoka jikoni kwa nani."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia nimetoka kuungua kwa msimamizi. Sasa anakutafuta."

Walicheka hadi korosho zikadondoka. Nami nikamwambia amweleze mumewe kwamba wengine hulipia manukato, yeye anapewa bure.

"Manukato ya kutoa machozi," alisema. "Ukifa tutakufukiza haya haya, tuone kama utaamka."

Nilicheka pia. Lakini nilikuwa nimeona kitu ambacho wao, waliokaa ndani, walikuwa hawajakiona. Upepo ulikuwa umegeuka. Kila mkulima wa huku anajua kwamba mvua zikikaribia upepo hubadili upande, na mimi nililijua hilo tangu siku ile ya shimoni. Nilijidanganya kwamba tutakuwa tumemaliza. Lakini korosho zilikuwa zinaendelea kuingia, na ubanguaji haungeisha hadi katikati ya masika. Moshi uliacha kwenda ukingoni. Ukaja majumbani, na nyumba yetu ilikuwa ya karibu.

Mvua ya kwanza ilipiga mchana. Nilitoka kazini mbio. Nilimkuta mke wangu amekwisha kuushika mfereji mwenyewe, amelowa. Nikaupokea. Alichovya kidole, akaonja, akatema.

"Bado," alisema.

Mvua ile ikaisha, yote imemwagika uani. Ya pili tuliimwaga pia. Ya tatu alionja mara nyingi, kila mara anatema na kujifuta ulimi kwa khanga.

"Hii si vumbi," alisema. "Inawasha."

"Bati halijatakata vizuri. Tusubiri."

Alinitazama mkono wa kushoto, penye ile alama, kisha akaendelea kuyatazama maji.

Bati halikutakata, kwa sababu kila usiku shimo lilipaka masizi mapya. Moshi wa maganda hauondoki kama vumbi. Unaganda, na maji yanapopita juu yake yanaondoka na kidogo tu, kila mara kidogo. Mvua zikawa zinapita. Mke wangu akaogopa kiangazi, akasema tuugeuzie mfereji kisimani hivyo hivyo. Kisima kilijaa. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba unaong'aa rangi rangi, na siku chache baadaye binti yetu mdogo alivimba midomo.

Mama mkwe wangu alikuja. Kwa heshima iliyo kati ya mkwe na mkwe, hakuwa akizungumza nami uso kwa uso. Alikaa kwenye kibaraza, mimi nikiwa hatua chache tu kutoka kwake, akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie mwenzako, majirani wameniuliza kama ni kweli yeye ndiye anayeusimamia huu moshi."

"Mama anauliza," mke wangu akanigeukia.

"Mwambie ni kweli, ila kiwanda kina mwenyewe."

"Mwambie," alisema mama mkwe, "mwenyewe wa kiwanda anakunywa maji ya chupa."

Kisha akaaga. Mke wangu alimpelekea kata ya maji, kama tunavyofanya kwa kila anayefika. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini bila kunywa. Nimewaona watu wakipigana, nimeona nyumba zikiungua, lakini kata ile iliyojaa maji pale kibarazani ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

Nilikwenda kwa mwenye kiwanda. Hakunifokea.

"Ulisema mvua itaosha," alinikumbusha.

"Nilikosea."

"Sasa tufanyeje?"

Nilimweleza yale yote niliyoyajua tangu mwanzo. Kwamba maganda yanaweza kuwasha boila la mvuke wa kupikia korosho badala ya kuni, mradi tanuri liwe limefungwa, lina hewa ya kutosha na bomba refu la moshi, moto uwe mkali hadi ule moshi wa kunata uungue wenyewe ndani. Kwamba kabla ya kuyachoma yakamuliwe, na mafuta yake mafundi seremala watayagombania, kwa kuwa mbao iliyopakwa hailiwi na mchwa. Kwamba korosho zikianikwa vizuri na kupikwa sawasawa kwa mvuke, zinazovunjika zinapungua, na hata uchafu wa kutupa unapungua kabla haujazaliwa. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu.

"Kwa nini hukuniambia hivi pale shimoni?"

Nilimwambia ukweli, kwamba niliogopa kusubiri.

Tanuri lilijengwa kabla ya msimu uliofuata. Lilifanya kazi. Tuliacha kununua kuni, na mikorosho mizee iliyokuwa ikikatwa kutuletea magogo ikaachwa isimame. Mafuta yalichukuliwa na mafundi, hata wa Ndanda walikuja. Moshi uliotoka kwenye bomba ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mtani wangu alilalamika amekosa kisingizio kwa mumewe. Wageni waliletwa kutazama, na mimi ndiye niliyewaeleza, nikisifiwa kwa kitu ambacho kingeweza kuwepo mwaka mmoja kabla.

Lakini lile shimo la zamani lilikuwa limejaa hadi juu, na chini kwa chini liliendelea kufukuta muda mrefu hata baada ya kulifukia. Na kabla ya yote hayo kulikuwa na kiangazi cha kupita. Tulikikausha kisima kwa ndoo. Mke wangu akarudi kuteremka bondeni, asubuhi na jioni, akiwa si msichana tena. Goti lilianza kumsumbua. Siku moja nilirudi nikakuta amefunga mizigo. Mjomba wake alikuwa Lukuledi, ambako maji hayako mbali.

"Ni kiangazi tu," aliniambia. "Watoto watasoma huko huko."

Niliwasindikiza hadi barabarani. Nilibaki kwenye nyumba ile, juu ya ardhi ya mama yake, bila yeye. Hakuna aliyenifukuza. Ila mwanamume anayekaa peke yake kwenye uwanja wa wakwe anajua mwenyewe kwamba amebaki kama chombo kilichosahauliwa. Nikahamia chumba cha kiwandani.

Mvua zilipokaribia tena nilinunua bati jipya, nikasugua kisima kwa mchanga na majivu, nikaenda Lukuledi kuwachukua. Alinipokea vizuri. Aliniletea maji, nikayanywa yote.

"Nimebadilisha bati," nilimwambia. "Tanuri linafanya kazi. Hakuna moshi."

"Nimesikia. Hongera."

"Basi turudi."

Aliendelea kuchambua mboga.

"Sikuukasirikia moshi," alisema. "Watu wanakosea. Lakini nilikuuliza maganda yatakwenda wapi, ukaniambia kiwanda kina mipango. Na ulikuwa unanishikia mfereji kila mwaka. Ulijua upepo. Ulisimama pale mvuani ukaniacha nionje, na wewe unajua ninachoonja."

Nilirudi Newala peke yangu, na nilikwenda tena mara nyingi, lakini mazungumzo hayakuvuka pale.

Siku hizi vijana wanaofungua viwanda vidogo vya korosho huniita niwape ushauri. Wananionyesha mashine, mahali pa kuanikia, mahali pa kufungashia. Nawauliza maganda yatakwenda wapi. Wengi hunijibu kwamba hilo wataliangalia kazi ikishaanza. Nawaambia wajenge tanuri kabla hawajanunua gunia la kwanza, na kama hawana uwezo wa tanuri, basi bado hawana uwezo wa kiwanda. Nawaambia pia wawaulize wanawake wanaokinga maji, wasiniulize mimi. Baadhi wananisikiliza. Wengine wanaona mzee anawachelewesha, na sura zao nazitambua, kwani niliwahi kuwa na sura hiyo hiyo kando ya shimo.

Mke wangu hakurudi. Alifia Lukuledi na kuzikwa huko, na mimi nilikaa msibani pamoja na wageni. Binti zangu wananisalimia kwa adabu, shikamoo baba, marahaba, lakini mahari yao ilipokelewa bila mimi kuulizwa, na wakiwa na jambo zito wanakwenda kwa upande wa mama yao. Kwa kutotaka kusubiri mwaka mmoja, nilipoteza mke wangu, malezi ya watoto wangu wawili, na nyumba ambayo mtu angeweza kufika, akapewa maji, akanywa.