Loki ya Kiti cha Nyuma

Mimi kazi yangu ni kusimama nyuma ya kaunta ya vipuri, katika kampuni inayouza magari mapya mbele na spea nyuma. Nina miaka kumi na minne hapo. Mteja ananipa kadi ya gari, naingiza namba ya chesisi kwenye kompyuta, kompyuta inasema ipo au haipo, nami namtamkia. Wengi wakisikia haipo hung'aka kidogo, kisha huenda zao kujaribu bahati maduka ya mitaani. Mwalimu hakwenda kokote.

Alikuja Jumatatu asubuhi nikiwa bado nafuta vumbi kwenye kioo cha kaunta. Mama mfupi, miaka sitini na kitu, viatu vya raba, mkoba kwapani. Alitoa leso akaifungua taratibu, na ndani yake mlikuwa na loki ya mkanda wa kiti cha nyuma, kile kidude chenye kitufe chekundu cha kubonyeza. Plastiki yake ya kijivu ilikuwa imekwaruzika na kitufe kimezama.

"Nataka kama hii," alisema. "Inayoshika."

Nikaingiza namba. Gari lenyewe lilikuwa na umri wa kutosha kupiga kura.

"Haipo, mama. Wameacha kuitengeneza."

"Umetazama?"

"Kompyuta imetazama."

"Nimekuuliza wewe."

Nikacheka, yeye akanikazia macho mpaka nikaacha kucheka. Ndipo akanieleza shida yake, bila kupunguza sauti, na watu wawili kwenye foleni wakisikiliza. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na mitano, akastaafu mwaka jana. Binti yake ni muuguzi, anatoka nyumbani alfajiri. Mjukuu ana miaka minne na ameanza chekechea. Mwalimu alitaka kitu kimoja tu: kumpeleka mjukuu wake shule kila asubuhi. Lakini kiti cha mtoto hufungwa kwa ule mkanda wa nyuma, na binti yake amekula kiapo kwamba mtoto hapandi gari hilo mpaka mkanda ushike.

"Sasa anachukuliwa na gari la jirani," alisema. "Mimi nampungia mkono mlangoni kama mpangaji."

Nilimpa kadi yenye namba yetu ya simu, nikamwambia siku nyingine apige tu, asijisumbue.

"Ili uniambie haipo bila kunitazama usoni? Hapana mwanangu. Nitakuja."

Alhamisi akaja. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Upande wa mapambo na vikolokolo tunauza loki za mkanda za kuingia gari lolote, zimening'inizwa kati ya mazulia na marashi ya gari. Nikamletea moja na ulimi wake, kile chuma cha kuchomeka. Aliichomeka, ikalia ta! Nikaanza kuandika risiti. Yeye akakamata ncha moja kwa mkono huu na nyingine kwa mkono ule, akakanyaga kaunta kwa mguu, akavuta kwa nguvu zote. Loki ikaachia. Mwalimu akarudi kinyumenyume hadi kwenye rundo la matairi ya maonyesho, na foleni nzima ikaangua kicheko.

"Hii ifunge kabati," alisema akijipangusa gauni. "Haifungi mtoto."

Nilimshauri aende kampuni nyingine mbili za upande wa pili wa mji. Kumbe alikwishakwenda zote, kwa miguu yake mwenyewe, na kote wameitafuta kwenye kompyuta wakakosa. Alipotoka, mwenzangu wa stoo alimpachika jina la Gundi. Nilicheka naye, ingawa moyoni nilianza kumwonea huruma yule mama. Sikujua kwamba yeye naye ana jina alilonipa mimi.

Wiki iliyofuata akaingia, akaniamkua hivi: "Habari za leo, Bwana Haipo."

Uvumilivu ukaniishia. "Mwalimu, hata uje kila siku hadi mwisho wa mwaka, kitu kilichoachwa kutengenezwa hakirudi!"

"Sijaja kuuliza kama ipo. Nimekuja unionyeshe mchoro."

Mchoro wa vipuri hauonyeshwi wateja, lakini nilitaka yaishe. Nikamgeuzia skrini. Akavaa miwani, akatoa penseli na daftari, akaanza kunakili namba moja baada ya nyingine, nami nikiwahudumia watu pembeni yake. Dakika ishirini zikapita hivyo.

"Hebu njoo," aliniita, kwa sauti ile ya kumwita mtu ubaoni. Nikajikuta nimekwenda. "Namba zote hizi za ndani ya gari zina tarakimu mbili mwishoni, baada ya kistari. Za vipuri vya injini hazina. Hizi ni za nini?"

"Za rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya plastiki, Mwalimu. Ya kwako ni kijivu."

Akavua miwani. "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unanitafutia loki, au ulikuwa unanitafutia kijivu?"

Nikafuta zile tarakimu mbili, nikabonyeza. Loki nyeusi, namba ileile: zipo mbili, rafu ya saba, stoo. Rafu ya saba iko hatua kumi kutoka ninaposimama. Ni za gari jingine la kampuni ileile, kubwa zaidi, lililotumia loki hizohizo kwa miaka mingi. Niliona haya, sitaficha. Nikawaza ni watu wangapi nimewarudisha nyumbani kwa sababu ya rangi.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe. Lete loki."

Hakuipokea hivihivi. Aliilaza mpya na ile yake ya zamani ubavu kwa ubavu, akatoa rula, akapima shingo, akapima tundu la bolti, kisha akachomeka ulimi, akanyanyua mguu na kuvuta kama siku ile. Haikuachia. Ni hapo nilipomuuliza kwa nini, kwa jinsi ile ya zamani ilivyochakaa, hakuwahi kuibadilisha. Alikunja leso yake kwanza.

"Ilianza kulegea binti yangu akiwa na miaka kumi. Nikasema nitanunua muhula ukiisha. Siku moja mbwa akakatiza mbele, nikakanyaga breki. Mtoto aliruka na kidevu kikapiga kiti cha mbele. Nyuzi tisa." Alisema tisa kama anayesoma jibu alilolihakiki mara nyingi. "Tangu siku hiyo kile kiti nimekipakia madaftari tu. Na hatujawahi kulizungumza, mimi na yeye. Hata neno moja."

Nikamwambia alete gari Jumamosi, fundi wetu aifunge palepale uani.

Alikuja na binti na mjukuu, wote wawili. Binti alikuwa mrefu, mkimya, na kovu lilionekana chini ya kidevu kila alipoinua uso. Fundi alipomaliza, binti aliingiza mkono, akachomeka mkanda, akauvuta mara tatu. Nilidhani sasa atamkalisha mtoto. Badala yake alinikabidhi mimi mkono wa mtoto, akaketi nyuma, akajifunga.

"Mama, endesha."

"Niende wapi?"

"Mpaka getini. Ukifika, kanyaga breki. Kanyaga kama siku ile."

Mwalimu, ambaye sijawahi kumwona akimkwepa mtu macho, alitazama chini. "Siwezi, mwanangu."

"Kama huwezi nikikaa mimi, utawezaje akikaa yeye?"

Mwalimu akapangusa viganja kwenye gauni, akaingia, akawasha gari. Lilikwenda polepole, halafu likashika kasi, kasi isiyo ya uani kabisa, hata mlinzi akaruka kando. Breki zikalia. Gari likatikisika, likasimama.

Tulisubiri mlango ufunguke, haukufunguka. Nikaenda na mtoto mkononi. Mwalimu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani, analia kwa sauti. Binti yake alikuwa amejivuta mbele hadi mkanda ulipomkatalia, mkono ameuweka begani kwa mama yake.

"Imeshika, mama," alikuwa akisema. "Geuka unione. Imeshika."

Mwishowe Mwalimu akageuka, akanyoosha mkono, akamgusa binti yake kidevu.